Ndama wa Kerende Walivyobaki Kwenye Kitambaa

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Najua huitiki, lakini sikuzoea kukuambia jambo kabla ya kukuamkia.

Tangu tukuzike, masika yamekwisha na ulezi umeanza kukomaa. Mama sasa anakula. Mwanzoni alikuwa anapika, anatugawia, yeye hagusi kitu. Baiskeli yako amepewa Elia, bwana mifugo mpya, kwa kuwa ilikuwa ya serikali. Siku ya kwanza alipopita nayo hapa kwetu, mbwa alisikia ule mlio wa mnyororo akatoka mbio kumlaki. Alipofika karibu akasimama tu, akamwangalia. Mimi niliingia ndani.

Nataka nikueleze habari za kitambaa chako, kile ulichokuwa unachorea vifo vya ndama ili uwaonyeshe watu barazani. Ulipolala na kichomi ulikuwa hujakimaliza, na hata homa ilipopanda bado ulikuwa unakiulizia. Watu wa kijiji cha Itiryo walikuwa wanasema josho ni kusumbua ng'ombe bure, na ofisi ya mifugo ya Tarime ilikuwa imesema josho lao lisipotumika litafungwa. Uliamini kwamba wakiona kwa macho yao ni ndama wangapi wanaokufa kwa ndigana, homa ya kupe, kwa wale wasioogesha, watakuja wenyewe.

Nacheka nikikumbuka kitambaa cha kwanza. Penye vifo vichache ulichora ndama mdogo, penye vifo vingi ukachora ndama mkubwa. Mzee mmoja akakiangalia sana, akasema, "Kumbe wasioogeshwa ndio wanaonenepa!" Baraza zima likacheka, na wewe ukacheka mpaka ukafuta machozi. Njiani ukaniambia, "Nilitaka waone wengi, wao wameona mkubwa. Macho yao hayana kosa, Robi. Mchoro ndio wenye kosa." Ndipo tukaanza kuchora ndama wa kimo kimoja, tukiwapanga mmoja juu ya mwingine kama nguzo, kila kijiji na nguzo yake. Kila ndama wa mkaa alikuwa mmoja aliyekufa kati ya kila mia waliozaliwa, ili kijiji chenye ng'ombe wengi kisionekane kibaya kwa sababu ya utajiri wake.

Basi Elia alinifuata shuleni. "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa unachora na Mzee. Nimalizie."

Nikamalizia. Nguzo ya mwisho ilikuwa ya Kerende. Tata, wale wanaogesha, lakini nguzo yao ilipanda karibu sawa na ya Itiryo wasioogesha. Elia aliitazama, akakaa chini.

"Hii itatumaliza," akasema. "Ifute Kerende. Halafu hizi nyingine tuzikate chini, tuanzie hapa katikati. Tofauti itaonekana kubwa zaidi."

Si mtu mbaya. Aliogopa josho lisije likafungwa na ndama wakaendelea kufa, na mimi niliogopa hivyo hivyo. Nilishika tambara bichi la kufutia. Nikamkumbuka yule mama wa Kerende aliyetuonyesha ngozi ya ndama wake ikikauka uani, akasema, "Na huyu mwandikeni." Ukamwandika. Nikamwambia Elia, "Nikimfuta, yule mama nitamwambia nini?"

Akanijibu, "Basi utasimama wewe uwaeleze."

Mimi, mwanamke, mbele ya wazee. Siku ya baraza ilipofika nilisimama. Walinung'unika, mpaka mmoja akauliza, "Huyu binti wa nani?" Wakamtajia jina lako. Akasema, "Mwacheni aseme."

Nikasema. Niliwaonyesha mstari wa chini, nikawaambia hapo ni pale ambapo hakuna ndama aliyekufa, na kila nguzo inaanzia hapo. Nikawaonyesha nguzo fupi za wanaoogesha, kisha ile ya Itiryo. Halafu swali nililolihofia likaja: "Na hawa wa Kerende? Mbona wanaogesha na ndama wao wanakufa?"

"Sijui," nikasema. "Tumechora tulichokikuta."

Akasimama mtu wa Kerende, anaitwa Mwita. Alikuja mpaka kwenye kitambaa, akaweka kiganja juu ya nguzo yao. "Hawa ni wetu," akasema. "Nilidhani mtatuficha." Ndipo akaeleza kwamba kwao maji ya josho yakipungua huongezwa ya mtoni, na dawa haiongezwi. Ng'ombe wanaogelea kwenye maji matupu, wanatoka na kupe wao. Elia akasimama naye akakiri kwamba dawa huchelewa kufika.

Mzee mmoja wa Itiryo, aliyekuwa mkali kuliko wote, akamgeukia Elia. "Mura, kijana wangu, mngetaka kutudanganya, Kerende isingekuwa hapo. Tutaleta ng'ombe. Lakini dawa ipimwe mbele ya watu wetu."

Hivyo ndivyo walivyokubaliana. Watu wa vijiji vyote viwili wanasimamia upimaji wa dawa, na josho la Itiryo halijafungwa. Sijui kama litadumu. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, na nilipofika langoni nilikuwa tayari nimefungua mdomo kukuita. Tata, hapo ndipo... Mama alinikuta nimekaa chini karibu na zizi. Alikaa na mimi.

Shule imefungwa sasa, na Elia ameniomba tukahesabu upya. Kesho tunaanzia Kerende. Naogopa, maana watu wametuamini na huenda dawa haijasaidia. Nguzo yao ikiwa imerefuka, nitaichora ndefu, na nitasimama kando yake nikiulizwa. Nakuahidi hilo, Tata, hata siku wakinizomea.

Pumzika. Kaburi lako tumelizungushia miiba, ng'ombe hawalikanyagi.

Mwanao,
Robi