Suti ya Mama Mkwe Imenifuta

Mpendwa Mama Mshauri, nakuomba unishike mkono kabla Jumatatu haijafika maana nimebanwa pande zote, mimi ni mkunga, nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa wodi ya wazazi na picha yangu itabandikwa mlangoni ili kila mjamzito ajue wa kumwita, basi mama mkwe aliposikia akatoa kitambaa alichokitunza kabatini tangu ujana wake, akakaa kwenye cherehani na macho yake hayo yanayomsumbua, akanishonea suti ya kijani, kijani hasa, mabega yamejazwa sponji, na kusema kweli imenikaa. Nikaenda studio najishaua, kumbe mpiga picha hutundika nyuma ya mtu kitambaa cha kijani, halafu kompyuta inafuta kijani chote na kuweka picha ya hospitali, ikanifuta na mimi! Nimebaki kichwa na viganja viwili vinaelea juu ya lango la hospitali. Mpiga picha alicheka mpaka akakaa chini. Ameniambia nirudi Jumatatu na nguo nyingine, na wifi yangu ananishauri, "Vaa suti yangu nyeusi, mama tumwambie ya kijani imeunguzwa na pasi," nami nusura nikubali, lakini mama mkwe ameshashusha saa ya sebuleni apate pa kutundika picha yangu, na kila jirani anaonyeshwa msumari. Nampenda yule mama, alinipokea nikiwa sina mbele wala nyuma. Nifanyeje?

Msimamizi Asiye na Kiwiliwili

Msimamizi, pole, na unisamehe, nami nimecheka. Haya, nimemaliza, sasa nisikilize.

Huo uongo wa pasi utupe leo. Aliyeishona atataka kuona palipoungua, utamwonyesha nini? Au utaichoma kweli? Njia ya mwongo ni fupi, na wifi huyo huyo ndiye atakayeitoboa siri siku mtakapokosana.

Suti yake nyeusi mwachie. Wewe si wakili. Mama aliyeshikwa na uchungu hatafuti suti, anatafuta mtu wa kumshika. Picha ya mlangoni vaa sare yako ya kazi, iliyofuliwa ikanyooshwa, nywele uzibane unavyozibana wodini, na utabasamu, usikunje uso kama askari wa getini. Wakikuona wodini wakutambue.

Na hebu niambie, mkunga mzima, unayetoa watoto waliokaa vibaya, umeshindwa kumwambia mpiga picha ashushe kitambaa chake? Jumatatu nenda na mama mkwe. Mwonyeshe kichwa chako kinavyoelea, mwambie ukweli wote, na usishangae akicheka kumshinda mpiga picha. Kisha uvae suti yake ya kijani, mpigwe picha kwenye ukuta mtupu, yeye ameketi, wewe umesimama, mkono wako begani kwake.

Hiyo ndiyo ya sebuleni. Ya mlangoni itabanduliwa siku ukistaafu na hakuna atakayeiulizia. Hii ya wewe na mama, wanao wataigombania.