Achia Mpira Ukiwa Juu

Shanwe,
Mpanda, Rukwa.
Jumapili, 12 Mei 1996.
Asubuhi ukungu hadi saa mbili na nusu, kisha jua. Mvua hakuna tangu Jumatatu.

Mpendwa Dada Romana,

Shikamoo. Hali yako huko Newala? Kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa pili kimekwisha? Wagonjwa wodini bado ni wengi? Sisi wazima. Baba goti linamsumbua asubuhi tu, na kila treni ikiingia anauliza kama umeshuka. Namjibu bado. Ni miaka miwili na miezi mitano sasa tangu wakuhamishe.

Mahindi ya Ilembo tumevuna, si mabaya.

Mwanao Kashinje amenipita urefu. Ukimwona kwa nyuma anavyotembea utasema ni wewe. Juzi nilimwita kwa jina lako bila kujua, akaitika.

Sasa habari ya mpira. Ile barua yako ya Januari, uliyomweleza namna ya kurusha, anaitunza ndani ya daftari la Hisabati. Mimi sijawahi kucheza kikapu, unajua, lakini kila Jumamosi nasimama chini ya goli la shule nikimsomea mstari kwa mstari kama imla, na matokeo naandika kwenye shajara yangu. Kiwiko sasa kinakaa chini ya mpira, hakichomozi pembeni. Kiganja anakikunja mwishoni, na mpira unakwenda ukijizungusha kurudi nyuma kama ulivyotaka. Tarehe 10 Februari alifunga 14 kati ya 50. Jana 33.

Lakini hiyo ni akiwa peke yake. Kwenye mechi hafungi hata moja, wasichana warefu wanamzuia mpira ungali mikononi. Jumatano mwalimu mpya wa michezo, Salvatori, aliomba aione hiyo barua. Akasoma, akacheka hadi akashika kiuno.

"Sasa mama mdogo, hapa anayetakiwa kuwa juu ni nani, mtoto au mpira?"

Dada, uliandika: "Achia mpira ukiwa juu." Mimi nikaelewa mpira ndio uwe juu, juu ya paji la uso. Nikamwambia mtoto akanyage imara, asinyanyue hata kisigino. Kumbe ulimaanisha yeye awe juu, ameruka! Miezi mitatu nimemsimamisha mwanao kama mlingoti.

Ningecheka na mimi. Ila Kashinje hataki kuruka. Mwalimu amemwelekeza, mimi nimemwomba radhi, wapi.

"Nyie wote mnabahatisha. Mama ndivyo alivyoandika, na ndivyo nitakavyorusha mpaka aseme mwenyewe."

Nikamwambia, mama yako yuko mbali.

"Najua yuko mbali. Ndiyo maana."

Timu ya mkoa inachaguliwa Sumbawanga tarehe 15 Juni. Mwalimu anasema mkono wa Kashinje ni mzuri kuliko yote aliyoiona hapa, lakini asiporuka hampeleki. Na kuzoea kuruka kunataka wiki mbili, siyo siku mbili.

Nikuambie ukweli. Ijumaa nilikaa na kalamu nikajaribu kuiga mwandiko wako. Ile R yako niliipata vizuri kabisa. Niliandika maneno matatu, nikaichana karatasi. Asingejua, Dada. Lakini angeiweka pamoja na ile nyingine, na angeisoma kila siku akidhani ni wewe.

Kwa hiyo nakuomba, barua hii ikikufikia, mwandikie siku hiyohiyo. Yeye, siyo mimi. Mstari mmoja unatosha, kwamba aruke. Na kama wakikupa likizo usiandike kitu. Njoo, usimame naye pale golini umwonyeshe.

Baba anakusalimu sana. Jirani yetu Natalia naye anakusalimu, anasema umemsahau. Mungu akulinde katika kazi yako ya usiku na mchana, na akufungulie njia ya kuja huku.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,
Minza

Nimemaliza saa nne kasoro dakika tano usiku. Naenda kulala.