Nilizisifia Sahani Ambazo Sijawahi Kuzisikia

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu, na kabla hujasoma mbali naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukilisikia juujuu utasema huyu mtu hana shida za kweli, lakini mimi hii ni wiki ya pili chakula hakipiti kooni, na juzi kazini nimekagua mzani mmoja mara tatu nikapata majibu matatu.

Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza na kukagua mizani ya maduka, ya bucha, ya kliniki za watoto, yaani kazi yangu yote ni kuhakikisha kilo inabaki kilo. Nina miaka arobaini na sita, naishi peke yangu, na starehe yangu ni moja tu, muziki wa jazi, tena ule wa kwenye sahani za santuri, zile nyeusi kubwa zinazozunguka chini ya sindano. Mjomba wangu ndiye aliyenitia ugonjwa huu, na alipohama akaniachia gramafoni yake.

Tuko watu tisa wenye ugonjwa huohuo, wengi hatujuani hata kwa sura, ila tuna kikundi kwenye simu, na kila Jumapili alasiri kila mtu anatuma picha ya jalada la sahani anayoisikiliza halafu anaandika maneno machache kuhusu anachokisikia. Aliyekianzisha ni mwalimu wa hesabu na sheria yake ni moja, uandike sahani ikiwa inazunguka, si ya jana na si ya kukumbuka, kwa sababu anasema jazi ukiisimulia kesho utaanza kuipamba. Basi mimi nikawa nasifika humo. Sijui maneno yalikuwa yanatoka wapi, lakini nikiandika mistari minne watu wanasema Fundi leo umetuua, Fundi nimeacha kupiga pasi nikakaa chini. Mtu ambaye kutwa nzima anaongea na vyuma akiambiwa hivyo, mshauri, kichwa kinavimba.

Mwaka jana mota ya gramafoni ikaungua. Nimeshindwa kuitengeneza, kipuri hakipatikani, nikajisemea nitatafuta wiki ijayo. Jumapili ikafika, wenzangu wakauliza Fundi una nini leo, nikaona haya kusema sina kitu, nikaandika kwa kukumbuka. Jumapili ya pili vilevile. Nilizozikumbuka zilipoisha nikaanza kununua sahani kwa muuza vitu vikuukuu, natazama jalada, natunga. Ndiyo, natunga. Nikapata moja ina picha ya mwanamume amesimama dirishani na tarumbeta mkononi, nikaandika kwamba tarumbeta inaingia kama mtu anayefungua mlango taratibu akijua ndani kuna mtoto amelala, na hiyo ndiyo waliyoisifu kuliko zote. Jumapili ishirini na tatu nimefanya hivyo.

Sasa kati yetu yupo mama mmoja, mkunga mstaafu, amepita sabini. Baada ya hiyo ya tarumbeta akaniandikia mimi peke yangu. Akasema, mwanangu, masikio yangu yanafunga, daktari ameniambia sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na kweli matoazi siyasikii tena, saksafoni inaanza kunipotea, na hiki kifaa walichoniwekea sikioni kinanifanya nisikie muziki kama bati linaloburutwa. Akasema ananakili kila ninachoandika kwenye daftari, ili siku akishindwa kabisa kusikia awe anasoma. Kisha akaniomba niende kwake Jumamosi tusikilize pamoja.

Nilikwenda kuungama, naapa. Nilifika saa kumi jioni, nikamkuta amekaa mlangoni kwa sababu hodi haisikii. Mama mfupi, mikono mipana, anakutazama mdomoni ukiongea. Nikamwamkia, akanishika mkono akaniingiza sebuleni, na ukuta mzima ulikuwa sahani, mia moja na kumi na mbili, anazijua kwa kuzigusa. Daftari lilikuwa mezani, gumu la kijani, maneno yangu yote yamo kwa mwandiko wake ule wa kujaza kadi za wazazi, na tarehe pembeni. Nikiwa nahangaika nianzie wapi, yeye akachomoa sahani moja rafuni, na mshauri, ilikuwa ni ileile, mtu wa dirishani na tarumbeta yake, jalada limechakaa limeshikwa na plasta ya hospitali sehemu tatu.

Akaiweka. Akavuta kigoda akakaa karibu na spika, akabandika kiganja chake ubavuni mwa spika apate sauti nzito kwa mkono, na uso akaugeuzia kwangu.

Sindano ikashuka, mimi nikakaa nasubiri tarumbeta inihukumu. Haikuja. Hakuna tarumbeta kwenye sahani ile, hakuna hata kidogo, ni watu watatu tu, piano na besi na ngoma. Yule mtu wa kwenye jalada sijui ni mapambo tu au ni nini. Nilianza kutokwa na jasho, lakini sikuendelea nalo, kwa sababu ule muziki ulinichukua. Sijui nikueleze vipi, na mimi ndiye ninayesifiwa kwa kueleza. Piano ilikuwa inapiga vitu vichache sana, inaacha nafasi, na ndani ya nafasi ile besi inapita polepole kama mtu mzito anayetembea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mpiga ngoma alikuwa anatumia vile vifagio vya waya, anafagia tu, hapigi. Halafu wote watatu wakanyamaza kwa pamoja, kitambo kidogo tu, na waliporudi walirudi mahali pamoja bila mtu kumwita mwenzake. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno. Niliogopa, mshauri, kwa ule woga mzuri unaompata mtu akisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Nikafikiri, hiki ndicho kilichokuwa humo ndani siku zote, nami niliona kinafaa kubadilishwa na hadithi yangu ya mlango.

Yule mama katikati akaniuliza, "Sasa wanafanya nini?"

Nikasema, "Wananyamaza, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuiangalia sahani hata mara moja, alikuwa ananiangalia mimi tu, mwanzo hadi mwisho.

Ilipokwisha nilikuwa nafuta macho, na kuhusu tarumbeta hakusema neno. Nashukuru, labda umri, labda alisahau nilichoandika. Aliniambia hivi tu, "Uje kila Jumamosi. Tuanze na rafu ya juu. Wewe usikilize, uniandikie, mimi nitunze. Daktari anayapa masikio yangu mwaka, labda usifike." Nikaitikia. Nikaondoka sijaungama.

Sasa sijui nifanye nini. Nikimwambia kwamba nusu ya daftari lake ni uongo nitamvunja moyo mtu mzima anayepoteza kitu anachokipenda kuliko vyote, na pengine hatataka tena niingie kwake, na mimi nimeisikia sahani moja tu lakini nazitaka zote, nakuambia ukweli, nazitaka zote. Nikinyamaza nikaanza upya na ya kweli, je, si itatosha? Mwalimu akijua atanitoa kikundini. Naomba mwongozo wako kabla Jumamosi haijafika.

Wako,
Fundi Mizani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimekusoma hadi mwisho na sikucheka, ila mara mbili nilitamani kukufinya.

Nianze na hili la "labda alisahau". Wewe unakagua mizani, kitu kidogo kikipungua unakiona, hiki kikubwa hivi kimekupitaje? Mama ana jalada alilolibandika plasta sehemu tatu. Mtu hafanyi hivyo kwa sahani asiyoijua. Amekaa nayo labda tangu wewe unasoma shule, anajua kila kilichomo na kila kisichokuwamo. Ulipoandika habari za tarumbeta alijua siku ileile. Katika sahani mia moja na kumi na mbili akachomoa hiyohiyo, na wewe unaita ni umri. Mkunga huyo, baba, amewatazama wangapi wakimdanganya kuhusu tarehe za mimba zao. Naweza kuwa nimekosea, mimi kwenye jazi ni mgeni kabisa, lakini hata nikiwa nimekosea ushauri wangu haubadiliki.

Utaniuliza, kama alijua, mbona hakunifukuza? Umenijibu mwenyewe ukalipita jibu. Hakuiangalia sahani, alikuangalia wewe. Kiganja kilikuwa kinasikia besi, na kilichobaki alikuwa anakisoma usoni kwako. Alikuona ukiogopa, akakuona ukisahau kuogopa, akakuona unalia. Ulipomwambia "wananyamaza" aliitikia kwa kichwa kwa sababu ndivyo ilivyo mahali pale, wananyamaza. Hilo lilikuwa neno lako la kwanza la kweli kwake na lilitoka bila pambo.

Lakini usianze kushangilia. Amekusamehe sahani moja aliyo nayo, zile nyingine ishirini na mbili huenda hana hata moja, na hizo ndizo zimo daftarini kwa mwandiko wake. Siku masikio yakifunga kabisa, atalifungua daftari lile apate kusikia, na atasikia watu ambao hawakupiga. Umemwekea mtu uongo mahali ambapo hatakuwa na njia ya kuuhakiki. Unaniuliza kama ukianza upya kimyakimya itatosha. Haitatosha. Kurasa za uongo na za kweli zikikaa pamoja bila alama, zote zimeharibika, na wewe wa mizani hilo hukuhitaji kufundishwa na mimi. Na usinitajie kumvunja moyo. Unaogopa kuvunjwa wako, na unaogopa kukosa zile sahani. Umesema mwenyewe unazitaka zote, na hapo angalau ulikuwa mkweli.

Fanya hivi. Jumamosi ukifika, kabla sahani haijawekwa, mwambie. Yote, si ile moja aliyokwisha kuijua. Halafu muombe daftari na kalamu, mbele yake, pitieni ukurasa kwa ukurasa, na kila uliyoitunga uikate mstari na kuandika pembeni: sikuisikia hii. Usichane karatasi. Mwenyewe akitaka kubaki na mlango na mtoto aliyelala, na abaki nao, lakini ajue ni vyako. Akisema uondoke, ondoka kwa adabu na usimsumbue. Akisema ukae, kaa, na kuanzia hapo uandike ulichosikia tu. Ala usiyoitambua, andika huitambui. Mahali ulipopotea, andika umepotea. Mama huyu hahitaji mshairi, anahitaji mtu wa kumwambia nani anapiga sasa na nani ameacha.

Jumapili waandikie wenzako mistari mitatu: gramafoni iliungua, nilitunga, samahani. Mwalimu akikutoa, amekutoa, ni sheria yake na uliijua.

Na hilo la Jumamosi usilifupishe. Usimpigie simu, kwenye simu hasikii. Usimtumie ujumbe wala barua, kwa kuandika wewe ni hodari kupita kiasi, utaupamba huo uongo mpaka ufanane na zawadi. Nenda, kaa mbele yake karibu na dirisha penye mwanga, useme polepole, na usifunike mdomo.