Herufi Chini ya Sanamu ya Mama

Kijiji cha Maguu,
Mbinga.
21 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Ottilia,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia kwa simu. U mzima huko Ujerumani? Mgongo umepona, au bado unainua wagonjwa peke yako? Sisi hatujambo. Kahawa tunaianika, na jua halijatunyima.

Nina jambo la kukutuma. Unaikumbuka sanamu ya kaure ya bibi yako Restituta, ile ya msichana mwenye mwanakondoo, aliyozawadiwa na sista Mjerumani siku ya ndoa yake. Alimwachia shangazi yako Kunigunda. Siku ya Pasaka, kaka yako Mansuetus aliigeuza, akaona taji dogo na herufi N. Akatangaza kwamba N ni Nicholaus, baba yake, yule marehemu ndugu yangu, akaichukua. Tangu hapo yeye na shangazi yako hawapeani amani kanisani.

Jumapili niliwaita wote wawili. Mansuetus alikuja na sanamu, nikailaza mezani, nikapitisha ukucha juu ya herufi. Haukukwama. Rangi ile ya buluu imo chini ya utando unaong'aa kama kioo. Basi iliandikwa kiwandani kabla ya sanamu kuchomwa.

“Baba alikuwa na kalamu nzuri,” Mansuetus alishikilia.

“Kalamu ipi, we Mansuetus?” shangazi yako akamrukia. “Kaka yangu alitia dole gumba hata kwenye cheti cha ndoa! Na hilo taji, alitawala wapi? Litumbandyosi?”

Mansuetus alijizuia, akashindwa, akacheka. Amekubali kwamba ukithibitisha wewe, atairudisha kwa mikono yake.

Kwa hiyo nakutumia picha. Waoneshe wanaozijua kaure za zamani, uwaulize ni kiwanda gani kilichotumia taji na N. Nasikia viwanda kadhaa viliigana alama hiyo. Wasipokuwa na hakika ya jina, andika hivyo. Kwetu yatosha kujua kwamba ni alama ya kiwanda. Tena andika sentensi kamili, si vile vifupisho vyenu vya simu, kwa maana barua itasomwa mbele ya ukoo.

Mama yako Rosa anakusalimu sana, na mjomba wako Aidan pia. Mungu akutunze katika zamu zako zote.

Jana Mansuetus alimpelekea shangazi yako kabati dogo la mninga, lenye mlango wa kioo. Hakusema ni la kuwekea nini, naye shangazi yako hakuuliza.

Ni mimi baba yako, nikupendaye daima,
Placidi