Nani Anakupashia Jani?

Bunia, Jumapili baada ya ibada

Mama mpenzi,

Jambo sana. Huko Boga mmeamkaje? Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi nipo, ila kifua kilinibana wiki nzima kwa vumbi la makaa ninayouza sokoni. Usiwe na wasiwasi, nilikwenda kwa daktari, akanipa dawa na kikohozi kikapungua. Lakini uzito ulibaki hapa katikati, nikalikumbuka jani lako la kukanda kifua.

Nikapata jani la ndizi makemba, nikalipitisha juu ya moto mpaka likalainika na kung'aa, nikapaka mawese kama unavyofanya. Mama, kabla sijafungua blauzi na kulala, limeshapoa! Nikarudia, nikaunguza vidole. Kumbe miaka yote ile jani lilinifikia la moto kwa sababu wewe ulikuwa mekoni na mimi kitandani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikaa chini nikalia, nakwambia kweli.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Bule, alinisikia akaingia.

"Weye unalia nini? Leta ile jani. Geuka!"

"Mama, ni kifua ndiyo inauma."

"Kwetu tunawekaka ku mugongo. Kifua iko na mulango kule nyuma."

Ningebishana, lakini aliyeshika jani ni yeye. Alipasha moja, akaliweka, likipoa akaliondoa, akaweka lingine, huku akinisimulia shamba lake la migomba ambalo hajui kama bado lipo. Joto likaingia. Mkono wake ni mzito kuliko wako. Nilikutamani mno, Mama.

Ndipo nikawaza: mimi nimepata wa kunipashia. Wewe je? Kwenye simu ulisema kifua chako ni kizima, halafu ukaiweka simu mbali ili ukohoe. Nilikusikia. Njia ya Boga ingekuwa imetulia, ningekuwa nimeshafika.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, na shangazi wa kwaya. Mke wa kaka usimsalimie tu, mwite. Najua hamsemezani tangu mbuzi wake ale maharagwe yako, na nyumba yake ni hapo ng'ambo ya ua. Moto washa wewe, jani apashe yeye. Na akitaka kuliweka mgongoni, Mama, geuka tu.

Mtoto wako,
Furaha