Naitrojeni ya Odera

Moreen, nimefukuzwa kazi sasa hivi. Kwa ajili ya upepo!

Unamjua bosi wangu Odera na hiyo "naitrojeni" yake ya matairi. Tangu Pasaka anajazia watu upepo wa kompresa ya stima, ule wa kawaida kabisa, halafu anafunga kifuniko cha kijani, alama ya naitrojeni, na kulipisha bei ya juu. Basi, imekuwa naitrojeni.

Leo amekuja Mama Victoire, yule Mkongomani anayeuza vitenge Kisenyi. Tairi la pili halijajaa, stima ikapotea. Odera akamwambia, "Mama, tungoje stima irudi."

Mama akauangalia ule mtungi mkubwa pale ukutani. "Si umesema gesi inatoka kwa mtungi? Sasa stima ni ya nini?"

Moreen, stima ni ya nini!

Odera, mwanaume mzima na tai shingoni, akanigeukia mimi na ufagio wangu. "Akech, mwambie mama mtungi umejaa."

Nikasema, "Huo mtungi mimi naanikia matambara tu."

"Toka! Mtu wa darasa la saba unajua nini kuhusu gesi?"

Nimetoka. Na vifuniko vyake vyote vya kijani viko hapa mfukoni mwa aproni yangu. Kesho tuone atauza nini.