Mzee wa Uskoti na Lango la Bosi

Jumanne, Jeddah. Vumbi limefunika jua tangu asubuhi na kichwa kinaniuma, lakini nisipoandika haya sitatulia.

Asubuhi nilitumwa hotelini kumchukua mgeni wa bosi, mzee mrefu wa Uskoti aitwaye Alasdair, amevaa koti la sufu kwenye joto hili. Njiani akanieleza kilichomleta. Bosi wangu amenunua kasri kwao. Ukoo wa mzee ndio ulioijenga, ukaishi humo vizazi na vizazi, hadi paa likawashinda wakaiuza. Hilo halalamikii.

"Tuliuza wenyewe," alisema.

Lakini makaburi ya ukoo yamo ndani ya ukuta wa kasri, na mkewe amezikwa humo. Wenye kasri waliotangulia walikuwa wakiwaachia njia. Msimamizi wa bosi amefunga lango.

Tulipofika nyumbani, bosi hayupo. Kikao kimemshika Riyadh. Mzee akageuka kurudi garini. Ndipo mama yake bosi, tunayemwita Hajja, akatoka akasema mgeni haondoki bila kahawa. Yeye hajui Kiingereza, mzee hajui Kiarabu. Nikaitwa mimi kutafsiri, na Kiarabu changu hiki cha kuokota barabarani.

"Mwambie," mzee akasema, "mwanawe amemfungia mke wangu kwa kufuli."

Huyo mwana ndiye kafili wangu, mdhamini mwenye kibali changu cha kazi. Nilishaandaa maneno laini, kwamba mgeni anaomba tu kutembelea kasri. Hajja akanitazama.

"Mwakio, nataka alichosema yeye."

Nikasema kama kilivyo.

Akaweka kikombe chini. Akauliza mke aliitwa nani. Fiona. Akalirudia jina taratibu, likimpa shida ulimini. Kisha akasema nyumba ya baba yake, mtaa wa Baghdadiya hapa mjini, ilibomolewa, na sasa hajui hata mlango ulikuwa wapi.

Mimi, dereva wao, ndiye humpitisha pale. Huniambia nipunguze mwendo, na siku zote nilidhani anaogopa magari.

Akampigia bosi simu, spika wazi.

"Umenunua nyumba ya watu, sawa. Wafu wao hukuwanunua. Fungua lango."

Bosi akaanza kueleza mambo ya usalama na bima.

"Halas," Hajja akamkata.

Kisha tukasikia, "Haya, mama. Litafunguliwa leo."

Nilipomtafsiria mzee, akasimama kushukuru. Hajja akamzuia kwa mkono. "Mwambie akae anywe. Mtu haombi ruhusa kwenda kwa watu wake."

Nikatafsiri, naye akakaa akanywa.

Nimemrudisha mzee hotelini. Alilia njia nzima, kimyakimya, nami nikakaza macho barabarani ili asione haya.

Sasa niko chumbani kwangu. Mke wangu amenitumia picha kutoka Voi: kitinda mimba wetu amesimama mwenyewe, ameshikilia kochi. Sijawahi kumbeba. Nimeahirisha mara kadhaa kuomba likizo, kwa kuogopa kuambiwa mafi, yaani hakuna. Ni rahisi kusubiri kuliko kukataliwa.

Kesho bosi anarudi, na mimi ndiye nitakayempokea uwanja wa ndege. Mimi, kwenda kwa watu wangu, lazima niombe.

Nitaomba kabla hatujafika nyumbani.